Malaria mbili na taifodi kidogo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nizungumzie jambo ambalo limenishughulisha kwa zaidi ya nusu ya umri wangu. Nilikuwa fundi sanifu wa maabara katika vituo vya afya vya mikoa ya Dodoma na Morogoro, na kwa miaka thelathini na miwili kazi yangu ilikuwa kuinamia hadubini, nikitafuta ndani ya tone la damu sababu ya homa ya mtu aliyekaa nje kwenye benchi akisubiri jibu. Sasa nimestaafu, lakini mtaani bado wananiita daktari, cheo ambacho sikuwahi kuwa nacho, na majirani huniletea vyeti vyao niwasomee. Ndivyo ilivyokuwa wiki mbili zilizopita, pale mama mmoja mwenye duka na ghala la nafaka jirani na kwangu aliponiamkia, akanyoosha cheti juu ya ua wa michongoma, akasema kwa sauti ya mtu aliyetuliwa mzigo: "Mzee, nimekutwa na malaria mbili na taifodi kidogo."

Nianze na hiyo "mbili". Fundi anayesoma slaidi ya damu nzito hutoa jibu ama kwa alama za kujumlisha au kwa hesabu. Kwa mtindo wa zamani, alama moja maana yake ni kwamba ameona vimelea 1 hadi 10 katika maeneo 100 ya hadubini, alama mbili ni vimelea 11 hadi 100 katika maeneo hayohayo 100, alama tatu ni vimelea 1 hadi 10 katika kila eneo moja, na alama nne ni zaidi ya hapo. Kwa mtindo ulio makini zaidi, huhesabu vimelea sambamba na chembe nyeupe 200, kisha huzidisha kwa 40 ili apate makadirio ya vimelea vilivyomo katika mikrolita moja ya damu. Kwa hiyo "malaria mbili" inaweza kuwa alama mbili, na inaweza kuwa wadudu wawili, na tofauti kati ya hayo ni kubwa sana. Cheti cha mama yule hakikueleza ni lipi. Ama hiyo "taifodi kidogo", ni lugha ya kipimo fulani nitakachokieleza mbele, wala haielezi ukubwa wa ugonjwa.

Kwa maoni yangu, tatizo linaanzia kwenye lugha kabla halijafika maabara. Tunasema homa kwa maana ya joto la mwili kupanda, tukasema homa tena kwa maana ya ugonjwa wenyewe, na tangu zamani katika mwambao na mabonde yetu ugonjwa huo umechukuliwa kuwa ule uletwao na mbu. Wazee walikuwa na neno mkunguru, yaani homa inayompata mgeni aliyehamia mahali ambapo maji na hewa yake hajavizoea, na ndani ya neno hilo mna uchunguzi wa kweli: mwenyeji aliyeumwa na mbu tangu utotoni hujijengea kinga ya kiasi, hata akaweza kutembea na vimelea mwilini bila kuugua, ilhali aliyeteremka kutoka nyanda za juu zenye baridi huangushwa na vimelea vilevile. Jambo hilo lina matokeo ambayo hata baadhi yetu wa maabara tuliyasahau. Slaidi ya mtu mzima wa bondeni ikionyesha vimelea vya kweli, haijathibitisha bado kwamba homa aliyokuja nayo leo imeletwa na vimelea hivyo.

Homa ni kazi ya mwili wenyewe. Virusi, bakteria au kimelea chochote kinapoingia, chembe nyeupe za damu hutoa kemikali za kupeana taarifa, nazo huchochea kutengenezwa kwa prostaglandini katika ile sehemu ya ubongo inayoongoza joto. Sehemu hiyo hupandisha kiwango chake, tuseme kutoka nyuzi 37 hadi 39, na tangu hapo mwili hujihisi una baridi ingawa haujapoa: mishipa ya ngozi hubana, misuli hutetemeka ili kuzalisha joto, na mgonjwa huomba blanketi mchana wa jua kali. Parasetamoli hushusha homa kwa kuzuia prostaglandini hiyo, na huishusha bila kujali nani aliyeipandisha. Mtoto mdogo anaweza kupata degedege kwa malaria iliyofika ubongoni, na anaweza kulipata kwa joto lililopandishwa na mafua.

Hapo ndipo dawa mseto, yaani vidonge vya malaria vyenye dawa mbili ndani yake, hupata sifa isiyo yake. Dozi ya mtu mzima ni vidonge 24, vinne kila mara, mara mbili kwa siku, kwa siku tatu. Homa nyingi za virusi nazo huisha zenyewe ndani ya siku tatu hadi tano. Mgonjwa akimeza dawa mseto pamoja na parasetamoli, homa hushuka siku ya kwanza kwa sababu ya parasetamoli, hupotea siku ya tatu au ya nne kwa sababu ilikuwa imekwisha muda wake, na mgonjwa hushukuru dawa ya malaria ambayo haikuwa na kazi ya kufanya. Akiumwa tena mwaka ujao hatasubiri kupimwa, atakwenda moja kwa moja duka la dawa, maana ana ushahidi. Sijui mtu wa kumlaumu kwa hoja hiyo. Imesimama vizuri kabisa, isipokuwa haina ukweli.

Nakiri kwamba kulikuwa na wakati ambapo kukisia malaria kulikuwa na busara yake. Enzi za klorokwini, dawa ilikuwa rahisi, ilipatikana hata kwenye vibanda vya sigara, na watu walivumilia mwasho wake wa ngozi wakijua kwamba wakesha wa kujikuna wataamka wazima. Vimelea vilipoizoea, mwaka 2001 nchi ikahamia SP, yaani vidonge vya salfadoksini na pirimethamini, na mwishoni mwa 2006 ikahamia dawa mseto. Katika miaka hiyo vyandarua vyenye dawa vilienea, na malaria ikapungua kuliko wengi tunavyofahamu: kipimo cha watoto wa chini ya miaka mitano kilionyesha maambukizi ya asilimia 18 hivi mwaka 2008, na asilimia 8 hivi mwaka 2022. Wastani huo nao unaficha mengi, kwa kuwa Tabora ilikuwa bado juu ya asilimia 20 wakati Kilimanjaro na Arusha zilikuwa chini ya asilimia 1. Ugonjwa umebadilika, ila mazoea ya kuuandika kwenye cheti hayakubadilika nao.

Ushahidi upo, na umetoka hapahapa kwetu. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 870 wenye homa waliolazwa katika hospitali mbili za Moshi kati ya mwaka 2007 na 2008. Madaktari walikuwa wameandika malaria kwa asilimia 60.7 ya wagonjwa hao. Waliokuwa na homa ya malaria kweli walikuwa 14, yaani asilimia 1.6. Mwaka uliofuata yakachapishwa matokeo ya watoto 1,005 wenye homa waliotibiwa kama wagonjwa wa nje Dar es Salaam na Ifakara: asilimia 62.2 walikuwa na maambukizi ya mfumo wa hewa, asilimia 10.5 malaria, asilimia 5.9 maambukizi ya njia ya mkojo, na taifodi asilimia 3.7. Ifakara iko Kilombero, bonde la mpunga na mbu, na bado, kwa sehemu zote mbili pamoja, mtoto mmoja tu kati ya kumi ndiye aliyekuwa na malaria. Niliposoma takwimu hizo nilikuwa bado kazini, na nilikumbuka rejista zangu mwenyewe, kurasa kwa kurasa za alama moja, alama moja, alama mbili.

Nisieleweke kwamba naidharau malaria. Nimeona watoto wakipoteza fahamu njiani kati ya mapokezi na kitanda. Mbu jike wa Anofelesi huacha chini ya ngozi vimelea vichache, ambavyo muda si mrefu huwa vimefika kwenye ini, na huko hukaa kimya kwa wiki moja au zaidi huku kila kimoja kikizaa maelfu. Vikitoka huingia katika chembe nyekundu za damu, hula hemoglobini, hugawanyika, na baada ya saa 48 hivi chembe hupasuka kwa pamoja, na huo mpasuko ndio unaoleta kutetemeka, joto kali na kisha jasho. Aina iliyoenea nchini, falsiparamu, ina hila ya ziada: chembe iliyovamiwa huota vinundu vinavyonata kwenye kuta za mishipa midogo, hivyo vimelea vilivyokomaa hujificha katika ubongo, figo au kondo la nyuma badala ya kuzunguka. Damu tunayoichukua kidoleni huonyesha wale wanaozunguka tu. Mtu mwenye "malaria moja" kwenye karatasi anaweza kuwa anakaribia kupoteza fahamu, na mwenye "malaria nne" anaweza kuwa amekuja kwa miguu yake. Ndiyo maana huwa sipendi kabisa watu wanavyolinganisha namba hizo kama wanaolinganisha bei.

Kipimo cha haraka kimesaidia sana, na tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limetaka kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza kabla ya kupewa dawa. Lakini wasomaji wako wakijue kinachofanya. Kijistari kile hakioni kimelea. Kinanasa protini ambayo kimelea cha falsiparamu huitoa ndani ya damu. Protini hiyo hubaki kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, kwa hiyo mtu aliyetibiwa vizuri mwanzoni mwa mwezi anaweza kuonekana bado ana malaria mwishoni mwa mwezi, akaongezewa dozi juu ya dozi kwa ugonjwa uliokwisha. Naomba msomaji ashike jambo hili, kwa kuwa nitalirudia.

Sasa taifodi, au homa ya matumbo kama inavyoandikwa vitabuni. Bakteria wake, Salmonela Taifi, huishi kwa binadamu peke yake na hupita kutoka kinyesi cha mtu hadi maji au chakula cha mwingine. Hupenya ukuta wa utumbo mwembamba, humezwa na chembe nyeupe ambazo zilipaswa kumuua, naye huzigeuza kuwa gari la kumpeleka kwenye ini, bandama na uboho wa mifupa. Baada ya wiki moja au mbili homa huanza, na haishuki na kupanda kama ya malaria. Huongezeka kidogo kila jioni kama mtu anayepanda ngazi, pamoja na kichwa kuuma, tumbo kujaa, choo kuwa kigumu kwa wengine na kuharisha kwa wengine. Asipotibiwa, kufikia wiki ya tatu utumbo unaweza kutoboka. Huo ndio ugonjwa unaoitwa "kidogo" na mtu anayeendelea kuuza duka.

Kipimo kinachozaa lugha hiyo kinaitwa Widal, kwa jina la Mfaransa Fernand Widal aliyekieleza mwaka 1896. Fundi huweka tone la majimaji ya damu kwenye kigae, akaongeza tone la kitendanishi chenye rangi, akatikisa kigae taratibu kwa dakika moja hivi na kuangalia kama patatokea chengachenga. Zikitokea, maana yake ni kwamba damu ina kingamwili zinazofanana na zile za salmonela. Kingamwili hizo zinaweza kuwa za taifodi ya leo, za taifodi ya miaka iliyopita, za jamaa mwingine wa salmonela aliyetokana na mayai mabovu, na hata malaria yenyewe huweza kuziamsha. Zile namba 1:80 na 1:160 zinaeleza ni kiasi gani majimaji yamezimuliwa kabla chengachenga hazijatoweka. Kipimo cha kuaminika ni kuotesha damu kwa siku kadhaa, na damu ichukuliwe kabla ya mgonjwa kumeza antibayotiki, jambo ambalo katika vituo vyetu vidogo haliwezekani. Widal inabaki kwa sababu ni rahisi, huleta jibu ndani ya dakika chache, na jibu lake mara nyingi ni chanya. Mgonjwa aliyelipia vipimo akaambiwa hakuna kitu huona ameibiwa; nimetukanwa mara nyingi kwa kuandika "hakuna vimelea", wala sikumbuki kutukanwa hata mara moja kwa kuandika alama moja.

Kuna ugonjwa mmoja ambao ningependa kuukalia zaidi, kwa sababu nahofia unasahauliwa na sisi tuliopaswa kuukumbuka. Nikiwa kijana Dodoma, tulikuwa tukipokea wagonjwa wa homa ya papasi. Papasi ni kupe laini anayeishi katika nyufa za kuta za udongo na vumbi la sakafu. Hutoka usiku, hunyonya damu ya aliyelala kwa muda mfupi, kisha hurudi ufani kabla hakujakucha, kwa hiyo mgonjwa ukimwuliza kama ameumwa na mdudu atakuapia kwamba hapana. Anachoambukiza ni bakteria aitwaye borelia, na hakuna kitu chenye kushangaza zaidi nilichokiona chini ya lenzi ya mafuta. Katikati ya slaidi ya kawaida, iliyopakwa rangi ya Giemsa na iliyoletwa ili nitafute malaria, unakuta nyuzi za zambarau zilizosokotwa kama kizibuo cha chupa, moja hapa, mbili pale, zimelala kati ya chembe. Mwenzangu aliyenifundisha kazi aliniita nije nione yake ya kwanza mwaka ule, akanisogezea kiti bila kusema neno.

Homa hiyo hukaa siku chache, ikaondoka ghafla kwa jasho jingi, mgonjwa akarudi shambani, na baada ya wiki moja hivi ikarejea. Sababu yake ni ya kuvutia. Mwili hutengeneza kingamwili dhidi ya ganda la nje la bakteria na kuwaua karibu wote, lakini wachache waliokwisha kubadilisha ganda hubaki bila kutambuliwa, huzaliana, na vita huanza upya dhidi ya adui mwenye sura nyingine. Kwa mjamzito huweza kuharibu mimba. Robert Koch, Mjerumani yuleyule aliyegundua bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882, alikuja nchini mwaka 1905, akawakuta papasi wenye bakteria hao katika njia za misafara, akaonyesha kwamba hata mayai ya papasi huwa yamekwisha kuambukizwa. Kwa hiyo huwezi kumaliza ugonjwa huu kwa kusubiri papasi wakubwa wafe. Nyumba za matofali na sakafu za saruji zimeupunguza sana. Hata hivyo kipimo cha haraka cha malaria, kwa mgonjwa wa papasi, kitasema hasi, na mahali ambapo hadubini imewekwa kabatini hakuna atakayeziona zile nyuzi. Mgonjwa akipata nafuu siku ya nne ataandikwa amepona; akirudi wiki inayofuata ataandikwa "malaria sugu". Kumbe mtu huyo anahitaji antibayotiki ya doksisaiklini tu, na uangalizi katika saa za kwanza baada ya dozi, kwa kuwa bakteria wanapokufa kwa wingi joto huweza kuruka ghafla.

Lazima pia nieleze kosa langu, maana si haki kuwasema wengine nikajificha. Miaka mingi iliyopita, katika kituo ambacho sitakitaja, aliletwa kijana kutoka mashamba ya mpunga. Ilikuwa msimu wa mvua, benchi limejaa, na fomu yake ilikuwa imekwisha kuandikwa malaria kabla haijanifikia. Rangi yangu ya Giemsa siku hiyo sikuichuja. Kimelea cha kweli kina duara au mkato wa samawati wenye nukta nyekundu iliyo safi. Uchafu wa rangi huwa wa zambarau iliyokoza, hauko katika tabaka moja na chembe, na ukizungusha kitufe cha kurekebisha hung'aa. Niliyajua hayo yote. Niliona nukta tatu nne, nikaandika alama moja, nikaita jina linalofuata. Baada ya siku mbili kijana alirudi amebebwa, macho yakiwa mekundu na ya manjano kwa pamoja, na tulipomgusa vigimbi alipiga kelele. Alipelekwa hospitali kubwa, akachomwa penisilini, akawa chini ya uangalizi wa figo kwa wiki kadhaa, akapona. Damu yake ilipopimwa baadaye ilionekana kuwa na kingamwili za leptospira. Slaidi yake niliitoa kwenye boksi nikaiangalia upya. Zilikuwa takataka za rangi.

Leptospira naye ni bakteria wa umbo la kusokotwa. Hukaa katika figo za panya bila kumdhuru panya, akatoka na mkojo hadi kwenye maji na matope, na humwingia mtu kupitia mchubuko, ngozi iliyolowa muda mrefu au macho. Siku tano hadi kumi na nne baadaye, wakati mwingine mapema au baada ya hapo zaidi, huja homa, kichwa, maumivu ya mgongo na hasa ya vigimbi, na macho mekundu yasiyo na tongo. Wengi huishia hapo. Kwa baadhi, homa hupumzika kidogo kisha hurudi na madhara ya kuta za mishipa midogo: ini hushindwa na ngozi kugeuka manjano, figo husimama, mapafu huvuja damu. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo hapa Morogoro kimewachunguza panya na bakteria huyu kwa miaka mingi, lakini nchi nzima ililisikia jina lake Julai 2022, pale watu wa wilaya ya Ruangwa, mkoani Lindi, walipougua homa na kutokwa damu puani. Hofu ya kwanza ilikuwa Ebola na Marburg. Wizara ilipotangaza kwamba ni homa ya Mgunda, yaani homa ya shamba, wagonjwa walikuwa 20 na watatu walikuwa wamefariki. Jina lile lilikuwa zuri kuliko yote niliyopata kuyasikia katika tiba, kwa kuwa linakwambia umwulize mgonjwa alikuwa wapi.

Zipo nyingine ambazo naweza kuzipitia tu. Dengue, au kidingapopo, ilisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, na hatari yake kubwa huja siku ambayo homa inashuka, majimaji ya damu yanapoanza kuvuja nje ya mishipa. Anayeshukiwa kuwa nayo asipewe aspirini wala diklofenaki. Chikungunya ilitambuliwa mara ya kwanza duniani huko kwetu kusini, uwanda wa Makonde, mwaka 1952, na jina lake la Kimakonde linamweleza mgonjwa aliyepindwa na maumivu ya viungo. Kisha kuna homa inayotokana na maziwa mabichi ya ng'ombe mwenye ugonjwa wa kutupa mimba: jasho la usiku, kiuno, uchovu wa miezi, na matibabu ya wiki sita. Mfugaji mwenye homa hiyo huweza kumaliza dozi tano za malaria kabla hajaulizwa anakunywa maziwa gani.

Ninachoomba, Mhariri, ni mambo machache. Wenye vituo waiache Widal na waseme wazi kwa nini wameiacha. Hadubini zisiwekwe kabatini kwa kuwa kipimo cha haraka kimekuja. Daktari ambaye kipimo kimemwambia si malaria awe na uhuru wa kuandika "homa, chanzo bado" bila mgonjwa kudhani amedharauliwa, na mgonjwa naye aeleze bila kuulizwa analala wapi, anafanya kazi gani, ana mifugo gani na homa ilianza siku ipi. Na gazeti lako, linapotaja idadi ya wagonjwa wa malaria wa kituo fulani, liulize kwanza ni wangapi waliothibitishwa kwa kipimo.

Mama wa ghala la nafaka alimaliza vidonge 24 pamoja na siprofloksasini ya ile taifodi. Homa ilimwachia siku mbili, ikarudi. Nilipomwuliza vigimbi, alishangaa nimejuaje. Nilipomwuliza panya, alicheka, akasema ghala la nafaka lisilo na panya halina nafaka, na kwamba mvua za mwezi uliopita ziliingia ndani akawa anakausha maji kwa ufagio, peku. Siku hiyohiyo nilimsindikiza kituo cha afya nikiwa nimeyaandika hayo kwenye nusu karatasi. Kipimo cha haraka cha malaria, ambacho kwa mtu aliyekuwa na vimelea kweli wiki iliyotangulia kingetarajiwa bado kuonyesha mstari, kilitoka hasi. Daktari kijana aliisoma ile karatasi mara mbili, akamtazama macho kwa tochi, akachukua damu ya kupeleka maabara kubwa, na kumwanzishia doksisaiklini bila kusubiri. Majibu ya ile damu bado hayajarudi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi sanifu wa maabara mstaafu,
Morogoro.